Kambale Mmoja, Mzaire

Jibu lilirudi kutoka Koboko siku ya Jumatano alasiri, na lilikuwa sahihi.

Nestor alilisoma mara tatu, amekaa kwenye kigoda jikoni kwa Ayikoru, mtaa wa Awindiri, mjini Arua. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya pakiti ya sigara, na lilisafiri njia nzima likiwa limekunjwa ndani ya ngata ambayo Ayikoru huweka kichwani chini ya sufuria. Swali lilitoka kwa Kavira, mke wa mtu aliyepotea: siku ulipokuja kwetu kuniposa, ulivaa viatu vya nani? Na mtu huyo, kutoka ndani ya mahabusu, alikuwa amejibu hivi: vya kaka yangu Paluku, vyote viwili vya mguu wa kushoto.

Jambo kama hilo halibuniwi. Unaweza kumpiga mtu mpaka akutajie jina la bibi yake, lakini hutamuuliza habari za viatu viwili vya kushoto, kwa kuwa hujui kwamba viliwahi kuwapo.

"Bwana ya Kavira iko muzima?" Ayikoru aliuliza. Alikuwa bado hajanawa vumbi la njiani.

"Mpaka leo saa sita iko muzima," Nestor alisema. Alikuwa mpelelezi, na hakupenda kusema zaidi ya alichokishika mkononi. "Na ile neno nilikutuma, ulimupa?"

"Nilimupa pale kwa mulango, kupitia ile tundu. Nilisema, kesho watu yako nakuja. Ukisikia jina yako, simama mara moja, hapana uliza kitu."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Tangu mimi napeleka chakula kwa ile nyumba, sijaona mutu nacheka."

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la pamba mjini Koboko, lililofanywa mahabusu. Draku, mdogo wake Ayikoru, alikuwa mlinzi hapo, na ndiye aliyemruhusu dada yake kuingiza maharage na kutoa karatasi. Kila safari Nestor alimpelekea mche wa sabuni kutoka Zaire. Mwaka ule wa 1977 sabuni ilikuwa imeadimika Uganda kiasi kwamba Draku aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akauficha ndani ya shati.

Nestor alikuwa amefanya kazi ya polisi Bunia kwa miaka kumi na miwili. Baadaye alihamia Ariwara, upande wa Zaire, akajipatia kazi isiyo na jina. Mfanyabiashara aliyetaka kuvuka kwenda Uganda alipita kwake kwanza, na Nestor alimkalisha na kumsumbua asubuhi nzima. Acha picha yako na nakala ya karatasi zako kwa mkeo. Taja siku ya kurudi, naye aihesabu. Usibebe ramani, wala redio, wala kitambaa chenye rangi ya jeshi hata kiwe cha kufutia jasho. Barabarani mikono ionekane. Usijibu zaidi ya ulichoulizwa, ukiulizwa jina moja toa moja. Na mwisho wewe na mkeo chagueni swali ambalo jibu lake mnalijua ninyi wawili tu, mlitie kwenye bahasha, bahasha ibaki kwangu. Wengine walimcheka, wakasema huyu bwana anatuzika kabla hatujafa.

Kambale Raphaël, mume wa Kavira, muuza vitenge kutoka Butembo aliyehamia Ariwara, hakucheka. Alifanya yote, moja baada ya jingine, kama mtoto anayejifunza katekisimu. Akakamatwa hata hivyo, kwa sababu askari mmoja njiani alivipenda vitenge vyake. Hilo lilikuwa siku kumi na tisa zilizopita, na ndilo lililomuuma Nestor zaidi: mtu wake hakukosea popote.

Siku mbili za kwanza Nestor alizipoteza huko Omugo, akifuata habari ya Mzaire mwenye kofia ya buluu. Mzaire alipatikana, kofia nayo ilipatikana, lakini mwenyewe alikuwa fundi baiskeli aliyeishi pale tangu kabla ya uhuru. Hatimaye Ayikoru akaleta habari za ghala la Koboko. Kilichobaki kilikuwa barua ya kumtoa.

Barua hiyo ilikuwa mfukoni mwake tayari. Aliipata Jumanne kwa karani mmoja wa mjini, Candia, mtu wa mashavu mapana aliyejua ni meza ipi inapigwa muhuri na nani hatauliza.

"Jina?" Candia alikuwa ameuliza, vidole juu ya mashine ya chapa.

"Kambale."

"Kambale nani? Iko na jina ya kanisa?"

"Kwetu jina ya kanisa imekatazwa kwa karatasi. Andika Kambale, inatosha."

Candia akainua mabega, akapiga chapa: *Mwachilie Kambale mmoja, Mzaire*. Nestor alitoka pale ameridhika na nafsi yake. Alikuwa ametoa jina moja, kama alivyowafundisha wengine.

*

Alhamisi saa moja asubuhi waliondoka na pikapu ya Marino, binamu yake Ayikoru, iliyobeba magunia ya muhogo mkavu ili ionekane ina kazi. Nestor alikaa katikati, Ayikoru dirishani. Mvua haikuwa imenyesha tangu Desemba, na barabara ilikuwa vumbi jekundu tupu. Walipita vizuizi viwili. Kwenye kila kimoja Nestor aliweka mikono juu ya magoti, akamwacha Ayikoru azungumze Kilugbara na kucheka na askari, akahesabu magari yaliyowapita. Ilikuwa tabia ya zamani. Baiskeli hakuzihesabu. Magari yalikuwa matatu: basi, Land Rover nyeupe, na lori dogo la samaki.

Walifika Koboko saa nne na nusu. Mbele ya ghala palikuwa na ua wa mabati na geti la mbao, na ndani ya ua lori la kijani limeegeshwa kivulini. Nestor alilitazama kama alivyotazama kila kitu. Magurudumu yake yalikuwa na tope jeusi mpaka kwenye ekseli, na majani mabichi ya mafunjo yalining'inia chini ya bodi.

Sajini wa zamu alisoma barua akiwa ameishika mbali na uso. Alikuwa mtu mnene, macho mekundu, na mbele yake chai ilikuwa imepoa.

"Kambale," alisema. "Moja."

"Ndiyo, afande."

"Wewe ni nani ya yeye?"

"Mukubwa yake kwa ukoo, afande."

Sajini alipiga kelele kuelekea ndani. Draku akaja mbio, akaisikia amri, akasimama. Alimtazama dada yake, halafu akatazama chini.

"Afande, Kambale..." alianza.

"Iko Kambale ndani ama hakuna?"

"Iko," Draku alisema.

"Basi leta."

Alipopita karibu, Nestor alimsogezea mfuko wenye sabuni, kama siku zote. Draku hakuupokea.

"Leo hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapana taka kitu yako leo."

Mlinzi anayekataa sabuni Koboko ni mlinzi ambaye hawezi kukutazama usoni, na sababu zake si nyingi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na mtu alikuwa anatoka, amejikinga macho kwa mkono.

Alikuwa mrefu. Raphaël alikuwa mfupi. Huyu alikuwa na kovu kwenye nyusi na ndevu za wiki nyingi, na miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu visivyo na kamba. Nestor hakuhitaji kuitoa picha aliyoificha ndani ya soksi. Hakuwahi kumwona mtu huyu maishani.

"Ndiyo huyu mutu yako?" sajini aliuliza.

Mtu yule alipiga hatua tatu mpaka kwa Nestor, akamwangukia shingoni kama wafanyavyo ndugu. Alinuka vibaya. Alimnong'oneza sikioni kwa Kinande, lugha ya kwao, haraka, huku akilia kwa sauti ya juu ili sajini asikie kilio tu:

"Viatu vyote viwili vilikuwa vya kushoto. Raphaël alinisimulia. Usiseme hapana. Nakuomba kwa Mungu, usiseme hapana."

"Nauliza, ndiyo huyu?" Sajini alikuwa amesimama.

Nestor alijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Akisema si huyu, mtu huyu anarudi ndani, na yeye mwenyewe ataulizwa anamtafuta Mzaire gani mwingine na kwa nini. Akisema ni huyu, barua itakuwa imetumika, na barua ilikuwa moja.

"Ni yeye, afande," alisema. "Asante sana."

Sabuni ilibaki juu ya meza ya sajini.

*

Marino aliendesha mpaka nyumba za mji zilipokwisha, kisha Nestor akamwambia aegeshe. Upande wa kushoto njia ya gari ilielekea Kuluba na mashamba ya mpakani. Nyuma yao ilikuwa barabara ya kurudi Arua.

"Jina yako," alisema.

"Basile. Kambale Basile. Nyumbani ni Beni."

Nestor alifumba macho. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, kila nyumba, kila kijiji, kuanzia Butembo mpaka Beni. Ukiita jina hilo sokoni kwao, nusu ya wanaume wanageuka. Yeye mwenyewe alikuwa Kasereka, wa tatu, na alilijua jambo hili kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kwa Walugbara kila mtoto hupewa jina lake kutokana na mambo ya siku aliyozaliwa, na mlinzi wa Koboko akiandika jina moja hana sababu ya kutafuta la pili. Candia alikuwa ameuliza. Hata Candia, ambaye hakujali, aliuliza.

"Mulikuwa wawili mule ndani."

"Wawili. Yeye juu ya vitenge. Mimi juu ya kahawa." Basile alisita. "Ya magendo. Gunia nane."

Kila mtu ndani ya pikapu alijua maana yake. Kwa kahawa ya magendo watu walikuwa hawarudi.

"Raphaël iko wapi?"

"Walikuja leo mbele ya jua. Watu wanne na karatasi. Wakaita, Kambale! Yeye akasimama mara moja. Hakuuliza kitu."

Ayikoru alitoa sauti ndogo, akaweka kiganja mdomoni.

"Na wewe?" Nestor alisema.

"Mi nilikaa." Basile hakukwepesha macho. "Nilijua ni mimi wanaita. Juu ya kahawa. Nilijua, na nilikaa. Yeye alikuwa anacheka, anasema watu yangu wamefika. Alinishika mukono, akaniaga."

"Walisema wanamupeleka wapi?"

"Arua. Kwa wakubwa."

Nestor aligeuka akatazama barabara ya Arua. Akili yake ikatengeneza mpango kabla hajaikataza. Mtu waliyemtaka alikuwa hapa, ubavuni mwake, goti lake likigusa goti la Nestor. Kumpeleka Arua, kusema mmekosea, Kambale wenu huyu hapa, nipeni wangu. Saa tatu na ushei za njia. Kavira angempata mumewe.

Basile aliliona wazo lile lilivyompita usoni. Hakuugusa mlango.

"Kama iko muzima, nirudishe," alisema. "Sitakimbia. Tangu asubuhi ninajiambia hivyo."

"Nyamaza kwanza. Unijibu vizuri. Waliondoka na gari gani?"

"Lori. Nilisikia."

"Lori ngapi ziko pale?"

"Moja tu."

"Walimuambia abebe vitu vyake?"

"Hapana. Walimuambia aache viatu."

Mfungwa anayeachiliwa Koboko alipewa viatu vyake mlangoni, hata kama kamba zimeibwa. Nestor alijua hilo, Ayikoru alilijua, na Basile, ambaye alikuwa ameketi kwenye sakafu ile miezi miwili, alilijua kuliko wote. Raphaël peke yake hakulijua, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiulize kitu.

"Lori lilirudi saa ngapi?"

"Jua lilikuwa linatoka tu. Nilisikia wananawa, wanaitisha chai."

"Marino," Nestor alisema, "kutoka Koboko kwenda Arua iko njia ngapi ya lori?"

"Moja. Hii tulikuja nayo."

"Lori inaweza kwenda Arua na kurudi kwa saa moja?"

"Hata ndege haiwezi," Marino alisema, kisha akaona aibu.

"Na sisi hatukukutana nayo." Nestor alizungumza taratibu sasa, kama anayemsomea mtu mwingine taarifa. "Njia yote iko kavu, vumbi jekundu. Ile lori iko na tope nyeusi na mafunjo. Haikwenda Arua. Ilikwenda mutoni, karibu, ikarudi."

Alikuwa amefikia mwisho wa uchunguzi wake. Kwa miaka kumi na miwili alifurahi kila alipofika mahali hapo, pale vitu vinapokaa sawa na hakuna kinachobaki nje. Sasa alitamani apate kosa. Alirudia kila kitu tangu mwanzo, magari matatu, saa, tope, viatu, sabuni iliyokataliwa, akitafuta mlango mmoja uliosahaulika wazi, na hakuupata. Alilia. Ayikoru alikuwa analia tangu mapema, naye akasema kitu kimoja tu, kwamba ni yeye aliyelipeleka lile neno kwa mdomo wake.

"Neno lilikuwa yangu," Nestor alisema. "Wewe ulibeba tu, mama."

Kisha akamwambia Marino aelekee Kuluba.

*

Pikapu iliwaacha mahali njia ya gari ilipoishia, kwenye shamba la muhogo. Ayikoru alibaki na Marino. Ilibidi warudi Arua kabla ya mtu kuuliza magunia yameuzwa wapi. Nestor na Basile wakatembea, Nestor mbele, akichagua njia nyembamba zilizokuwa na nyayo za wanawake na mbuzi, akikwepa ile pana iliyofagiliwa na askari ili nyayo zionekane. Hatari ilikuwa bado ipo, na mwili wake uliifanya kazi ile wenyewe. Alimpa Basile koti lake afunike shati lililochanika. Alimwambia asikimbie hata wakiitwa.

Hawakuitwa. Saa tisa walivuka kijito kilichokuwa mpaka, maji hayakufika magotini, wakawa Zaire.

Kavira alikuwa amekaa ukingoni, pale Nestor alipomwambia asubiri, juu ya kanga aliyoitandika, na kando yake sufuria lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, uso wa duara, na alikuwa amesuka nywele upya. Alisimama alipowaona. Alimtazama Nestor, akamtazama Basile, halafu akaendelea kutazama ng'ambo, kwenye muhogo, akisubiri watu watatu.

"Papa Nestor," alisema. "Mwingine iko nyuma?"

Nestor alikuwa ametunga maneno njiani. Yalikuwa maneno mazuri ya polisi, yenye saa na mahali. Hayakumtoka.

"Hakuna mwingine, Kavira. Raphaël walimutoa leo mbele ya jua. Wamemuua."

Hakupiga kelele. Alishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa hapo, akakaa chini polepole. Nestor alipiga magoti mbele yake na kumweleza yote, kwa sababu alikuwa na haki nayo: jina moja kwenye barua, Kambale wawili ndani, watu wanne walioita. "Na ni mimi nilimutumia neno," alimaliza. "Nilimuambia akisikia jina, asimame na asiulize. Bila ile neno pengine angeuliza, Kambale yupi?"

Kavira alimsikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo hakumtazama tena. Alimgeukia Basile, aliyekuwa amesimama bado ndani ya maji, anaogopa kupanda ukingo.

"Ulilala karibu naye?"

"Bega kwa bega, mama. Siku kumi na tisa."

"Ile asubuhi, alitoka na njaa?"

"Kulikuwa na maharage ya jana, alikuwa ameiweka. Alinipa mimi yote. Alisema, kula wewe, mimi leo nitakula kwa Kavira."

Kavira alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama anayekubaliana na mtu. Kisha akalifungua sufuria. Ilikuwa sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, na samaki, na ugali umefungwa kwenye jani la mgomba, bado una joto kidogo. Akachota maji ya kijito kwa kikombe, akamnawisha Basile mikono, akamwekea chakula mbele yake.

"Kula," alisema.

Basile alikula huku machozi yakimdondokea mkononi, na Kavira akamsogezea samaki. Nestor alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu Awindiri. Alikaa hatua mbili kutoka pale, akisubiri kuambiwa karibu, kwa kuwa kwao hata mpita njia huambiwa. Chakula kikaisha. Kavira akaosha sufuria kwenye kijito, akalifunga tena kwa kitambaa chake, akasimama kwenda nyumbani.